Alfa Romeo 156 ya mtumba: ipi ununue, ipi uiache

Hukumu kwanza, maelezo baadaye. Anayetaka 156 ya kuendesha kila siku achukue dizeli ya 1.9 JTD ya valvu 8. V6 ya lita 2.5 ni ya mtu anayejua anachokilipia. Twin Spark ya lita 2.0, injini ya petroli yenye plagi mbili kwa kila silinda, ni raha tupu mikononi mwa mmiliki anayefungua boneti kila wiki, na ni balaa mikononi mwa anayesubiri taa ya dashibodi imwambie kuna nini. Yenye gia za Selespeed, zinazobadilishwa kwa pampu na umeme, iache ilipo, isipokuwa kama fundi wako ana kompyuta ya kuisoma na subira ya kuitumia.

Kwa nini gari moja liwe na hukumu nne? Kwa sababu lina wazazi wawili, Alfa na Fiat, ambao hawakuoana kwa hiari. A.L.F.A. ilianzishwa Milano tarehe 24 Juni 1910, kwenye karakana za Portello zilizokuwa za tawi la Kiitaliano la Darracq. Nicola Romeo aliichukua mwaka 1915 na baada ya vita jina lake likaunganishwa na la kampuni. Vittorio Jano alipohama kutoka Fiat mwaka 1923 aliunda P2, gari lililoipa Alfa ubingwa wa dunia mwaka 1925. Tangu 1933 kampuni ikawa mali ya serikali kupitia shirika la IRI. Farina mwaka 1950 na Fangio mwaka 1951 walitwaa ubingwa wa Formula 1 wakiwa na Alfa, lakini vikombe havilipi mishahara, na kufikia miaka ya 1980 hasara ilikuwa haizibiki. Mwishoni mwa 1986 IRI ikaiuza kwa Fiat, huku Ford nayo ikiwa imebisha hodi.

Matunda ya kwanza ya ndoa hiyo hayakuwafurahisha wapenzi wa Alfa. 155 ya mwaka 1992 iliachana na magurudumu ya nyuma yanayosukuma na kukalia chasi ya ukoo wa Fiat Tipo, ile ile ya Tempra na Lancia Dedra. Ndipo ikaja 156 mwaka 1997. Damu ya Fiat bado imo, ila safari hii wahandisi waliruhusiwa kutumia fedha pale dereva anapohisi tofauti: mikono miwili ya sasipensheni kwa kila gurudumu la mbele badala ya mmoja, na usukani unaokwenda kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia kwa mizunguko 2.2 tu. Timu ya Walter de Silva ikaficha vitasa vya milango ya nyuma kwenye pembe ya dirisha na kusogeza namba ya mbele pembeni ili ngao ya Alfa ishuke hadi chini. Mwaka 1998 likawa Gari la Mwaka la Ulaya, la kwanza la Alfa kupata tuzo hiyo. Liliundwa Pomigliano d'Arco, karibu na Napoli, kiwanda kilichojengwa kwa ajili ya Alfasud, gari lililosifika kwa kona na kulaaniwa kwa kutu.

Tuanze na Twin Spark, maana ndiyo iliyojaa sokoni na ndiyo inayoua mifuko ya watu. Zipo tatu: 1.6 yenye nguvu farasi 120, 1.8 yenye 144 na 2.0 yenye 155, baadaye 1.8 na 2.0 zilipunguzwa kidogo kwa ajili ya sheria za moshi. Wazo la plagi mbili kwa kila silinda si pambo la kibiashara. Giuseppe Merosi alilitumia kwenye gari la mashindano la 1914, likarudi kwenye Giulia GTA ya 1965, na mwaka 1987 likaingia kwenye Alfa 75 kama Twin Spark ya valvu 8. Hiyo ya valvu 8 ilikuwa Alfa kweli kweli: bloku ya aluminiamu na cheni ya taimingi. Ya valvu 16 iliyomo kwenye 156 ina kichwa chenye akili za Alfa juu ya bloku ya chuma kutoka familia ya injini za Fiat za kiwanda cha Pratola Serra. Cheni ikaondoka, mkanda ukaingia. Hapo ndipo shida ilipoanzia.

Kitabu cha gari cha awali kinasema mkanda wa taimingi ubadilishwe kila kilomita 120,000. Usikifuate. Mikanda ilikuwa ikikatika mapema mno, na kiwanda chenyewe kikashusha kipimo hadi kilomita 60,000. Gari linalotembea kidogo nalo lisiachwe mpaka lifike kilomita hizo, kwani mpira huzeeka hata ukiwa umesimama. Miaka 4 inatosha. Injini hii haisamehe: mkanda ukikatika au ukiruka meno, pistoni hukutana na valvu, na kazi inayofuata ni kufungua kichwa kizima. Kwenye 2.0 kuna mtego wa ziada. Injini hiyo ina shafti za mizani zenye mkanda wao mdogo. Huo mdogo ukichanika, vipande vyake huweza kuvutwa ndani ya mkanda mkubwa na kuuangusha. Fundi anayekubadilishia mkubwa akaacha mdogo kwa sababu "bado unaonekana mzima" hajakusaidia kitu.

Seti kamili ni hii: mkanda mkubwa, tenshena, rola, pampu ya maji, na kwa 2.0 mkanda wa mizani pamoja na tenshena yake. Baadhi ya pampu za zamani zilikuwa na mapanga ya plastiki yanayopasuka au kuteleza kwenye shafti yake. Chagua yenye mapanga ya chuma. Kisha kuna variata, ile puli ya kamshafti ya kuingizia hewa inayosogeza taimingi kwa msukumo wa oili. Ikichakaa, injini huwaka kwa mlio wa dizeli. Mlio wa sekunde chache asubuhi ni dalili ya mwanzo. Ukibaki hata injini ikiwa ya moto, umechelewa kidogo. Kuibadilisha peke yake ni kulipia kazi ile ile mara mbili, kwa hiyo iingie kwenye seti.

Namna kazi inavyofanywa ndiyo inayotenganisha fundi na mbabaishaji. Puli za injini hii hazina alama za kuaminika za taimingi. Njia sahihi ni kutoa plagi ya silinda ya kwanza, kushusha saa ya kupimia kwenye tundu lake na kuipata pistoni ikiwa juu kabisa, halafu kufungua kifuniko cha juu na kuweka vibano vya kufungia kamshafti mahali pa vikombe vyake vya beringi. Vibano vya 1.6 na 1.8 si vya 2.0, kwa sababu kamu zake hazifanani. Mkanda mpya ukishavishwa na tenshena kukazwa, injini huzungushwa kwa mkono mizunguko 2, kisha mshale wa tenshena unapimwa tena na kurekebishwa. Anayekwambia ataweka alama za rangi kwenye mkanda wa zamani na kuzinakili kwenye mpya anakuhamishia kosa la mkanda uliokwisha kunyooka. Gari litawaka, litatembea, lakini litakosa nguvu chini na litakunywa petroli bila sababu. Muulize swali moja tu kabla ya kumwachia funguo: vibano unavyo?

Plagi ni 8, na si za aina moja. Nne ni za nyuzi za milimita 14 na nne ni ndogo za milimita 10. Za NGK ni PFR6B na PMR7A. Zinahimili kilomita 100,000, na bei yake ndiyo inayowafanya wauzaji wengi wabadilishe zile kubwa tu, zinazofikika kwa urahisi, na kuziacha ndogo zikioza. Ndogo hizo zikazwe injini ikiwa baridi na kwa spana yenye kipimo. Uzi wa milimita 10 kwenye kichwa cha aluminiamu haupendi nguvu za mabega.

Kuhusu oili, hapa ndipo Twin Spark nyingi zinapokufa kimya kimya. Zinakunywa oili kwa asili yake, na sampu inabeba lita 4 na kitu tu. Kijiti kisomwe kila unapojaza tangi, gari likiwa limesimama tambarare kwa dakika kadhaa. Ukingoja taa nyekundu, beringi za konrodi zimekwisha kuathirika, na mlio wa kugonga utakaousikia ukikanyaga mafuta katikati ya mizunguko ndiyo barua yake ya kuaga. Tumia 10W-40 ya ubora, badilisha kila kilomita 10,000 hata kama kitabu kinakuruhusu zaidi, na usiipeleke injini juu kabla haijapata joto.

Joto nalo lina stori yake. Mshale ukikaa kwenye nyuzi 70 barabarani badala ya kupanda hadi karibu 90, temostati imebaki wazi. Wauzaji husema ndiyo vizuri, haichemki. Si vizuri: kompyuta inadhani injini bado ni baridi na inaendelea kumwaga petroli ya ziada. Na gari likionekana zito bila taa yoyote kuwaka, chomoa waya wa sensa ya hewa ya Bosch iliyo kwenye bomba baada ya filta, uendeshe kidogo. Likipata nafuu likiwa limechomolewa, sensa imekufa. Nunua ya Bosch. Za bei nafuu hufanya gari lile lile liwe na ugonjwa mpya.

JTS ya lita 2.0 iliyoingia mwaka 2002, farasi 165, ina plagi moja kwa silinda na petroli inanyunyizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Kwa kuwa petroli haipiti tena juu ya valvu kuziosha, kaboni hujijenga hapo hadi pumzi ipungue. Kwenye karatasi inaishinda Twin Spark. Barabarani, baada ya miaka 20, hatuioni sababu ya kuichagua.

Dizeli ni sura nyingine kabisa, na hapa upande wa Fiat unastahili shukrani. Mfumo wa komoni reli, unaohifadhi dizeli kwenye bomba moja lenye shinikizo hadi baa 1,350 na kuigawa kwa umeme, ulikuzwa na watafiti wa Fiat na Magneti Marelli, kisha ukauzwa kwa Bosch ili ukamilishwe kwa ajili ya viwanda. Gari la abiria la kwanza kuuzwa likiwa nao ni hili hili, 156 ya mwaka 1997, katika 1.9 yenye silinda 4 na farasi 105 na katika 2.4 yenye silinda 5 na farasi 136. Injini ya 1.9 ya valvu 8 iliendelea kukua hadi farasi 110 na 115, na ni ngumu kuua. Nayo ina mkanda wa kubadilisha. Valvu ya EGR, inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, hujaa masizi hadi gari likakohoa moshi mweusi na kukosa nguvu, lakini hiyo ni kazi ya kufungua, kusafisha na kurudisha. Ya valvu 16 yenye farasi 140 ni tamu zaidi, ila manifoldi yake ina vipande vya kuzungusha hewa vinavyolegea na kuvuja oili kwenye vishikizo. Kagua ukoko mweusi nyuma ya injini kabla ya kukubali bei. Ya 2.4 inaimba vizuri kwa dizeli, ila uzito wake mbele unakula bushi na tairi, na puli ya krenki yenye mpira katikati hutengana. Ukiona puli inayumba injini ikiwaka bila kukanyagwa mafuta, usiondoke nayo.

V6 haina cha kuombea radhi kwa mtu. Giuseppe Busso aliichora, ikaanza kuuzwa mwaka 1979 kwenye Alfa 6 ikiwa na kabureta 6, ikapata umaarufu kwenye GTV6, na ilipoingia kwenye 156 ilikuwa na valvu 24, lita 2.5 na farasi 190. Ni aluminiamu tupu, haina undugu wowote na Fiat, na mabomba yake ya kuingizia hewa yaliyong'arishwa ndiyo sababu ya watu kuacha boneti wazi kwenye maegesho. Uzalishaji wake ulikoma mwaka 2005 na Busso akafariki Januari 2006. Ukiitunza ni imara kuliko Twin Spark: haina variata na beringi zake ni za kuaminika. Ila ina mkanda pia, mrefu unaozunguka kamshafti 4, na mapanga ya pampu yake ya maji yana ugonjwa ule ule wa plastiki. Kilomita 60,000 hapa pia. Kazi ni ndefu kwa sababu nafasi iliyobaki kati ya injini na bodi haitoshi hata kupitisha mkono mnene, kwa hiyo usishangae bei ya fundi, shangaa ikiwa ndogo.

Kuna na GTA ya 2002, V6 hiyo hiyo ikiwa lita 3.2 na farasi 250. Herufi A ya jina hilo mwaka 1965 ilimaanisha gari lililopunguzwa uzito. Ya 2002 ina zaidi ya kilo 1,400, basi lichukulie jina kama heshima kwa marehemu. Farasi wote hao wanapita kwenye magurudumu ya mbele kupitia difu ya kawaida isiyo na kizuizi. Gurudumu moja likizunguka bure mara kwa mara, pini ya ndani ya difu huchomoka na kutoboa giaboksi. Dawa ni difu ya Torsen, ile inayouzwa kwa jina la Q2, na GTA ambayo tayari imefungwa hiyo ina thamani zaidi kuliko yenye rangi mpya. Tazama pia diski za mbele: za mwanzo ni milimita 305 na hupinda kwa joto, za baadaye ni 330. Na angalia chini ya sampu. Tuta moja refu linatosha kuipasua.

Selespeed si gia za otomatiki. Ni giaboksi ya kawaida ya gia 5 na klachi ya kawaida, vikiendeshwa na pampu ya oili na vifaa vya umeme vya Magneti Marelli. Fungua mlango wa dereva na utege sikio: pampu inapaswa kunguruma sekunde chache kisha inyamaze. Ikinguruma tena kila unapobadilisha gia, tungi la kuhifadhi shinikizo limepoteza gesi yake. Tungi hilo linabadilishwa bila kugusa giaboksi, na mara nyingi ndilo lililomfanya mmiliki aambiwe anunue mtambo mzima. Relei ya pampu nayo huungua. Oili yake ni Tutela CS Speed, si ATF ya kawaida (oili ya gia za otomatiki) wala oili ya breki, na wanaoichanganya huharibu sili zote kwa pamoja. Gari likiwa mikononi mwa mtu asiyejua haya, gharama haina mwisho, ndiyo maana tulisema liache.

Sasipensheni ya mbele inasifiwa na kila aliyeendesha, na inadai malipo yake. Mikono ya juu hupata maji yanayotiririka kutoka chini ya kioo cha mbele, mpira unakauka, na gari linaanza kulia kama kitanda cha chuma kila linapopita tuta. Kupulizia grisi kunanyamazisha kwa wiki, si zaidi. Badilisha mikono yote miwili kwa pamoja, na bolti zake zikazwe gari likiwa chini kwa uzito wake, si likiwa juu ya jeki. Ukikaza likining'inia, bushi zinabaki zimejikunja na zitachanika mapema. Kugonga kwenye mashimo madogo kwa kawaida ni linki za stabilaiza, sehemu ya bei ndogo. Kupoteza mwelekeo unapokanyaga breki ni bushi za nyuma za mikono ya chini.

Ndani, viti vinabana mgongo vizuri, kiti cha nyuma ni cha watu wafupi, na buti la saluni ni lita 378. Sportwagon ya mwaka 2000, ambayo kwa jina ungedhani ni ya kubebea mizigo, ina lita 360.

Kutu haiko inakotarajiwa. Bodi imepakwa zinki na milango hubaki safi, kwa hiyo mnunuzi anaridhika mapema. Adui yuko chini, kwenye sakafu iliyofunikwa na plastiki na dawa ya kuzuia kutu, na mahali pa kuweka jeki. Fungua vile vifuniko. Bonyeza kwa kidole gumba. Pakilalia au pakitoa mlio wa karatasi, tayari unazungumzia kuchomelea.

Ukienda kulijaribu, mwambie muuzaji mapema asiliwashe, kisha ushike boneti kwa mkono kuhakikisha ni ya baridi. Sikiliza sekunde 5 za kwanza. Endesha mpaka mshale wa joto utulie, kata kona kali usukani ukiwa mwisho pande zote mbili, halafu simama na upitishe vidole ukingo wa ndani wa tairi zote nne, zikiwemo za nyuma, maana 156 huzila kwa ndani ambako macho hayafiki. Tairi iliyolika hivyo kwenye gari lililokwisha fanyiwa alaimenti ina maana ya bushi mbovu au bodi iliyowahi kugongwa. Kisha omba risiti ya mkanda. Ikiwa haipo, hesabu kwamba mkanda haujabadilishwa, ondoa gharama ya seti nzima pamoja na variata kwenye bei, na gari lipandishwe kwenye gari la kubebea magari hadi kwa fundi badala ya kuliendesha.